Uzi wa Neti

Kama uko Kondele au Ahero, Usenge au ng'ambo kule Mbita, ongeza sauti kidogo. Leo nina maneno juu ya kitu kilicho chumbani mwako.

Ni neti ya mbu, na hasa uzi wake. Mtu akisikia kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza vitu vimeundwa kutokana na nini, vinachakaaje na vipya vitaundwaje, mawazo yake huenda kwenye betri za magari ya umeme, vioo vya simu na vyombo vinavyorushwa angani. Hayo yapo na yana utamu wake. Lakini kazi ya wataalamu hao iliyoingia katika nyumba nyingi kando ya ziwa letu, hata nyumba isiyo na waya wa umeme, ni ile neti ya buluu au nyeupe uliyoandikishiwa nyumbani kisha ukaipangia foleni. Wengine mmeitundika. Wengine, tuambiane ukweli, mmeikunja chini ya godoro mkingoja ya zamani ichakae.

Kwa miaka mingi tumehimizwa kulala ndani ya neti. Ni nadra sana mtu kutueleza neti inafanyaje kazi. Na kwa kuwa hatukuelezwa, dawa nyingi iliyogharimu pesa na akili za watu imeishia juani, mchangani na kwenye mawe ya kufulia. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame jioni hii.

Tuanzie Kisian. Ukitoka mjini kwa barabara ya Busia, ukaupita uwanja wa ndege, utafika pale njia inapogawanyika, moja ikiendelea Busia na nyingine ikikata kwenda Bondo. Wengi wetu tunapajua kwa matatu na kwa reli ile ya zamani ya Butere. Wanasayansi wa dunia wanapajua kwa mbu. Hapo kipo kituo cha KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979, ambayo tangu mwaka huohuo imeshirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Katika maabara za Uingereza, Marekani na kwingineko, kuna ukoo wa mbu unaofugwa vizimbani, kizazi baada ya kizazi, na jina la ukoo huo ni Kisumu. Chimbuko lao ni huku kwetu. Wazee wao walichukuliwa zamani, kabla mbu wa leo hawajajifunza kuistahimili dawa, ndiyo maana hadi sasa hutumiwa kama kipimo: dawa mpya isipowaua mbu wa Kisumu, hakuna haja ya kuendelea nayo. Samaki wetu wa kuuzwa Ulaya wanasifiwa kila siku. Mbu hawa walikwenda bila pasipoti wala sherehe, na nadhani wamelitangaza jina la mji huu katika maabara nyingi kuliko mbuta alivyolitangaza hotelini.

Sasa turudi kwenye neti. Mwaka 1996 watafiti wa KEMRI na CDC walianza jaribio kubwa upande wa Siaya, katika Asembo, na baadaye wakaingia Gem. Vijiji vilikuwa zaidi ya 200. Vingine vilipewa neti zilizochovywa katika dawa iitwayo permethrini, vingine vikangoja zamu yao ili tofauti ionekane. Swali halikuwa kama neti inazuia mbu kumng'ata mtu. Hilo hata mtoto angeweza kulijibu. Swali lilikuwa kama katika sehemu yenye malaria mwaka mzima, ambako mtu huumwa na mbu wenye vimelea mamia ya mara, kitambaa chenye matundu kinaweza kupunguza makaburi ya watoto. Wapo wataalamu waliodhani hapana, kwamba neti itaahirisha tu kifo kutoka umri mmoja hadi mwingine.

Matokeo yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2003. Vifo vya watoto wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilipungua kwa karibu asilimia 16. Na likaonekana jambo ambalo mimi hulipenda kuliko hilo la kwanza: hata nyumba zisizo na neti, zikiwa ndani ya mita kama 300 kutoka kijiji chenye neti, zilipata nafuu. Maana yake neti yenye dawa haikuwa pazia la kumkinga aliyelala peke yake. Ilikuwa inaua mbu, na mbu aliyekufa kwa jirani hafiki kwako. Neti isiyo na dawa humfukuza mbu akamtafute mwingine. Yenye dawa humtoa kabisa katika hesabu.

Lakini neti zile za Asembo zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Dawa ilikuwa juu juu. Kila baada ya miezi sita ilibidi watu wakusanye neti, wazichovye upya katika karai la dawa, wazikaushe, wazirudishe. Katika jaribio lenye wafanyakazi wa kupita nyumba hadi nyumba, inawezekana. Katika maisha ya kawaida, wakati wa kupalilia, msiba upo, watoto wana mitihani, nani atakumbuka karai? Hapo ndipo kazi ilipohama kutoka kwa daktari ikaenda kwa fundi wa nyuzi. Akaulizwa: unaweza kutengeneza uzi unaokaa na dawa yake miaka mitatu, ukifuliwa mara ishirini?

Kabla sijakueleza alivyojibu, niruhusu nipande milimani kidogo, Kisii na Molo, kwenye mashamba ya pareto. Lile ua jeupe lenye kitovu cha njano lina sumu inayowaangusha wadudu papo hapo na haimdhuru sana binadamu. Kuna wakati Kenya ilikuwa ndiyo mzalishaji mkuu wa pareto duniani. Kasoro ya pareto ni jua. Ukiianika dawa yake mwangani, kwa muda mfupi imeisha nguvu. Mwaka 1973 huko Rothamsted, Uingereza, mwanakemia Michael Elliott na wenzake walitangaza permethrini, sumu iliyoigwa kutoka pareto lakini ikaundwa upya ili istahimili mwanga. Kutoka hapo ikazaliwa jamii nzima ya dawa zinazoitwa pairethroidi. Mkulima wa Molo hakushangilia. Soko lake liliumia. Ila bila ule uvumilivu wa mwanga, neti ya dawa isingekuwapo. Na sikiliza vizuri: inastahimili zaidi ya pareto, haimaanishi haishindwi. Jua kali la saa sita mchana juu ya neti mbichi bado linaila dawa, ndiyo sababu unaambiwa uianike kivulini.

Fundi wa nyuzi alijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya polithini, jamaa wa ile plastiki ya mifuko iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017. Plastiki inayeyushwa, dawa inachanganywa humo ndani ikiwa bado ya moto, kisha mchanganyiko unavutwa kuwa uzi. Dawa inakuwa imelala katikati ya uzi wenyewe. Iliyo juu ikifutika kwa kufuliwa, ya ndani husogea polepole hadi juu, siku kwa siku, ikajaza pengo. Joto huiharakisha. Kuna wakati watafiti waliokuwa wakipima neti hizi walizitia katika mifuko myeusi wakaziweka juani ili dawa ipande upesi. Neti maarufu ya aina hii, Olyset, ilibuniwa Japani katika kampuni ya Sumitomo Chemical, na mwaka 2003 teknolojia yake ikahamishiwa Arusha, katika kiwanda cha A to Z. Sehemu ya neti zilizotundikwa Afrika Mashariki zimefumwa na vijana wa Arusha, jambo ambalo ningefurahi kama vitabu vyetu vya shule vingelitaja.

Njia ya pili ni ya poliesta. Uzi wake si mmoja, ni kifungu cha nyuzi nyembamba sana zilizokaa pamoja, laini kama nguo. Hapa dawa haimo ndani. Imepakwa juu pamoja na gundi maalumu inayoiachia kidogo kidogo. Neti ya poliesta ni nyororo, watu huipenda ngozini. Ya polithini ni ngumu kiasi, inakwaruza, lakini hustahimili mikiki kwa namna nyingine. Ukishika neti mbili gizani, vidole vitakwambia ipi ni ipi.

Na kuna watu kando ya ziwa hili ambao vidole vyao vilijua hayo kabla ya mtafiti kufika na dodoso lake. Wavuvi. Mvuvi anajua uzi mmoja na uzi wa vifungu, kwa sababu sheria ya uvuvi ya Kenya yenyewe inavitofautisha: nyavu za uzi mmoja zimekatazwa. Anajua nailoni, anajua kamba ya plastiki inayoelea na ile inayozama, anajua uzi upi huoza na upi hukatwa na jiwe. Ukimletea neti bure, yenye uzi usiooza, yenye macho madogo, nyepesi, pana kama kitanda, unadhani atawaza mbu peke yake?

Mwaka 2006 Kenya iligawa neti za muda mrefu zipatazo milioni 3.4 kwa watoto wadogo, pamoja na kampeni ya chanjo ya surua. Miaka miwili baadaye, Noboru Minakawa wa Chuo Kikuu cha Nagasaki, ambacho kina kituo chake Mbita, na wenzake wakachapisha walichokiona katika vijiji vya wavuvi upande wa Suba: neti zimetandazwa ufukweni, omena zimeanikwa juu yake. Nyingine zilikuwa majini zikivua. Walipowauliza watu sababu, jibu lilikuwa safi kabisa kisayansi. Omena ikiwa juu ya neti hukauka haraka, na neti ni ya bei nafuu au ya bure.

Habari hiyo ilisafiri duniani. Magazeti yakaandika kana kwamba Mluo wa ufukweni ni mjinga asiyejua thamani ya uhai wa mwanawe. Mwaka 2011 watafiti wengine wakajibu kwamba madai hayo ya matumizi mabaya yalikuwa yamekuzwa kuliko ushahidi, na kwamba neti nyingi zilizogawiwa Afrika zilikuwa zinalaliwa. Mimi nasimama upande wao, kwa sehemu. Kuvua kwa neti ya mbu sikutetei hata chembe. Wavu halali wa omena una macho ya milimita 10, na neti ya mbu, ambayo macho yake ni madogo kuliko hayo kwa mbali, hukokota hadi vitoto vya samaki. Lakini mama anayeanika omena amefanya uamuzi wa kitaalamu. Omena iliyomwagwa mchangani huliwa pamoja na mchanga wake, na mnunuzi huitazama akapunguza bei. Omena juu ya neti hupitisha hewa chini na juu. Alichokosa mama huyo ni mtu wa kumwambia kwamba neti mpya imebeba dawa ya miaka mitatu, na ya zamani iliyochanika imeshamaliza kazi yake ya kitandani. Akilijua hilo, anajua aanike juu ya ipi. Badala yake tukampelekea askari.

Tatizo ni kwamba hata wataalamu wenyewe iliwachukua muda kujua neti huisha lini. Maabarani kipimo ni kikali na ni kizuri. Neti hufuliwa kwa sabuni, dakika kumi, mara ishirini. Kisha mbu watano wa kufugwa hutiwa ndani ya koni ya plastiki iliyogusishwa kitambaa, wakae dakika tatu tu, watolewe. Baada ya saa moja huhesabiwa walioanguka, na baada ya saa ishirini na nne waliokufa. Wakifa asilimia 80 au zaidi, au wakianguka asilimia 95, neti imefaulu.

Nyumbani hakuna koni. Kuna panya, kuna msumari wa kitanda, kuna kibatari, kuna mtoto anayevuta neti akiwa amelala, kuna ukingo wa neti unaosukumwa chini ya godoro la kamba kila usiku mpaka uzi unakwisha. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lina kipimo kingine, nacho hakihitaji maabara. Unahitaji kidole gumba, ngumi na kichwa. Tundu dogo kuliko gumba lina alama 1. Linalopitisha gumba lakini si ngumi, alama 23. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa, alama 196. Linalopitisha kichwa, alama 576. Unajumlisha. Ukivuka 642, neti hiyo haikingi tena.

Piga hesabu nami hapo ulipo. Neti ina matundu matatu ya ngumi na matatu ya gumba. Matatu mara 196 ni 588. Matatu mara 23 ni 69. Jumla 657. Imeshatoka kazini, na kwa macho ungesema bado ni nzima. Ningekuwa mwalimu wa Sayansi Jumuishi katika darasa la nane pale Kisian, ningewatuma wanafunzi nyumbani Ijumaa na karatasi moja, na Jumatatu tungekuwa na hali ya neti za kijiji kizima. Hesabu wangejifunza, sayansi wangejifunza, na bibi yao angepata mtu wa kumshonea neti. Kampeni zetu za elimu hupenda fulana, ngoma na wimbo wa dakika mbili. Sina ugomvi na fulana. Ila mtoto aliyehesabu matundu ya neti ya bibi yake hasahau.

Nilisema mbu wa Kisumu waliosafiri hawakujifunza. Waliobaki walijifunza sana. Mwaka 2000 ilielezwa kwamba baadhi ya mbu wa magharibi mwa Kenya walikuwa na badiliko la jeni katika mishipa ya fahamu, pale hasa ambapo pairethroidi hushika. Wengine wakaongeza silaha ya pili: vimeng'enya vinavyoisaga dawa mwilini kabla haijafika inakotaka kwenda. Mbu wa aina ya funestus, ambaye neti zilikuwa zimempunguza sana huku kwetu, akarudi.

Hapo uzi ukapewa kazi mpya. Kwanza mafundi wakatia ndani yake kitu kiitwacho PBO. Chenyewe hakimuui mbu. Kinavizuia vile vimeng'enya, ili dawa ya kawaida ipate nafasi. Jaribio lake kubwa lilifanyika ng'ambo ya ziwa, Muleba katika mkoa wa Kagera, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: watoto waliolala chini ya neti yenye PBO walikuwa na malaria kidogo kuliko wenzao. Uganda nayo ikagawa neti hizo kwa wilaya nyingi na kuona vivyo hivyo.

Halafu ikaja klofenapiri, na hapa nakuomba uache kuosha vyombo kidogo. Klofenapiri ikiingia mwilini mwa mbu bado haijawa sumu kali. Inageuzwa kuwa sumu na vimeng'enya vya mbu mwenyewe, vilevile anavyovitegemea kusaga dawa ya zamani. Kadiri mbu anavyojua kujihami, ndivyo anavyojitengenezea sumu. Ikishageuzwa, inakatiza namna chembe zake zinavyotengeneza nguvu za mwili. Haangushwi papo hapo. Hufa baada ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana koni ya dakika tatu na hesabu ya saa ishirini na nne haikutosha kuipima, ikabidi watumie kifaa kirefu kama bomba, ambamo mbu huachwa usiku kucha apite kwenye neti yenye matundu akimfuata mnyama aliye upande wa pili. Dawa mpya ikalazimisha kipimo kipya.

Jaribio lake lilikuwa Misungwi, mkoa wa Mwanza, likiendeshwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania, NIMR, chuo cha tiba cha KCMC kule Moshi na chuo cha London cha usafi na tiba za tropiki. Miaka miwili baada ya kugawa, waliwapima watoto. Waliokuwa na neti za kawaida, asilimia 45.8 walikutwa na vimelea. Waliokuwa na neti za klofenapiri pamoja na pairethroidi, asilimia 25.6. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza rasmi.

Ni habari njema, na sitaki kuipunguza. Lakini katika utafiti huohuo wa Misungwi, neti zilichakaa kabla ya miaka mitatu tunayoambiwa. Zilichanika, zikatupwa, na dawa yake ikapungua. Tunazo dawa za karne ya ishirini na moja zimebebwa na kitambaa ambacho msumari unakishinda. Sijui kama wanaonunua neti kwa mamilioni wanalipia kweli uimara wa uzi. Ninavyoona mimi, wakinunua kwa bei ya kipande kimoja, kiwanda kitatengeneza kipande cha bei nafuu; wangenunua kwa miezi ambayo neti itadumu, hadithi ingekuwa nyingine. Huko Leeds, Uingereza, kuna wataalamu wa vitambaa ambao wamependekeza neti zipewe alama ya kustahimili kuchanika, kukwaruzwa na kunaswa, kabla ya kununuliwa. Jambo la busara sana, na limechelewa.

Wala si neti peke yake. Mkumbuke Rusinga. Kati ya 2013 na 2015 nyumba za kisiwa hicho zilifungiwa mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua, na nyumba zikapata taa na mahali pa kuchajia simu. Mtego unamvuta mbu kwa harufu ya binadamu iliyotengenezwa, na harufu hiyo inakaa kwenye nini? Kwenye vipande vya nailoni, kitambaa cha soksi za kina mama. Watafiti wetu walikuwa wamejaribu nyenzo kadhaa na kugundua nailoni hushika harufu na kuiachia polepole kwa miezi mingi. Malaria katika nyumba zenye mitego ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30. Sina hakika kama ni mitego au ni zile taa zilizowafanya watu wa Rusinga waufurahie mradi, na sioni ubaya.

Busia, watafiti wa Kisian wakiongozwa na Eric Ochomo walitundika ukutani karatasi laini ya plastiki iliyolowekwa dawa inayotoka hewani yenyewe bila moto wala umeme. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa takriban theluthi moja, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaikubali njia hiyo kwa kuongezea neti. Karatasi ile hubadilishwa kila mwezi, na hapo tena tunarudi kwenye lile karai la Asembo: nani atakumbuka? Tayari kuna aina nyingine inayokusudiwa kudumu hadi mwaka.

Siaya nako kulijaribiwa vibao vya chambo, sukari yenye sumu iliyofunikwa na ngozi nyembamba ya plastiki, vikatundikwa kuta za nje. Wazo zuri. Mvua, ukungu na kuchanika vikavisumbua, na mwishowe malaria haikupungua kwa kiwango cha kujivunia. Nalitaja hili makusudi, maana redioni huwa tunawaletea ushindi tu, halafu mradi ukiondoka kijijini watu wanabaki wakinong'ona kwamba walifanyiwa majaribio. Wenye kijiji wanastahili kuambiwa lililoshindikana kwa sauti ileile waliyoambiwa likianza. Wahamasishaji wa afya wa jamii, mnaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yenu, nyinyi ndio mnaoulizwa; basi na nyinyi mpewe majibu kamili.

Nimalizie na kitu kisichotoka kiwandani. Mwaka 2009 Harrysone Atieli na Andrew Githeko wa Kisian, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti wa nyumba za nyanda za chini za magharibi. Walifunga dari kwa mikeka ya mafunjo, togo kama tunavyoiita huku, ili kuziba ule uwazi kati ya ukuta na paa ambao ndio mlango mkuu wa mbu. Mbu wa malaria waliokutwa ndani walipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Hakuna dawa. Hakuna meli kutoka ng'ambo. Mafunjo yenyewe yamejaa Dunga, na mikono ya kuyasuka ipo.

Kwa hiyo leo laini za simu ninawafungulia kwanza wasukaji wa mikeka. Nataka kujua mkeka wa togo ukiwa chini ya bati, kwenye joto la mchana na moshi wa jikoni, hukaa miaka mingapi kabla mchwa na vumbi havijaumaliza. Kama kuna namna ya kuusuka usipitishe mbu lakini upitishe hewa. Na kwa chumba cha futi kumi kwa kumi utamtoza mtu shilingi ngapi. Na nyinyi mliokwisha kuhesabu matundu ya neti tangu tulipoanza kuzungumza, tumeni jumla yenu kwa ujumbe mfupi, mkitaja kijiji. Tunasikiliza tangazo moja, kisha tunapokea simu ya kwanza.